Mashine niliyoifundisha kujibu salama

Jumamosi, Bunju. Mvua inanyesha tangu alfajiri, bati linapiga kelele, na nina hasira ambazo sijawahi kuwa nazo tangu nistaafu.

Naandika polepole. Vidole vimevimba, na kompyuta nimeiweka juu ya mto kwa sababu mapaja hayataki tena kubeba kitu. Ninyi wachache mnaonivumilia hapa mmezoea niandike juu ya mitambo ya zamani na bustani yangu ya mchicha. Leo hakuna mchicha. Leo naandika kabla dawa ya jioni haijanilaza na kunifanya bibi mpole.

Sitaki kuwa bibi mpole.

Nina jambo la kukiri, na nimeamua kulikiri nikiwa bado nimekasirika. Najijua. Nikishapoa nitaanza kujitetea, na mimi ni hodari wa kujitetea.

Asubuhi alikuja Farida. Nilimfundisha kuandika programu kwa lugha ya C wakati ule nilipokuwa nafundisha jioni baada ya kazi. Darasani alikuwa ndiye anayeuliza "kwa nini" wakati wenzake wanauliza kama kitu kitatoka kwenye mtihani. Sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake, na ndiye anayeangalia kompyuta za ghala moja la dawa kule Gongo la Mboto. Ghala lenyewe ni la watu binafsi, lina vyumba vya baridi, na programu inayopima joto la vyumba hivyo niliiandika mimi, Farida akiwa bado anavaa sare za shule.

Kutoka Gongo la Mboto hadi Bunju unavuka jiji zima. Mtu havuki jiji zima kwenye mvua kama hii kuja kumpa mgonjwa pole tu. Nilijua hivyo tangu nilipomsikia anakung'uta matope barazani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Salama."

"Watoto?"

"Salama tu, mwalimu."

"Kazini?"

"Salama kabisa." Akafungua mfuko wa machungwa aliyoniletea, akaufunga tena. "Ila kuna ka-ishu kadogo."

Ndivyo tulivyo. Mtu anafika kwako amefiwa, unamuuliza habari za nyumbani, anakujibu nzuri. Anapokea maji, anakunywa, anauliza na yeye habari zako, ndipo anasema: ila mama hatunaye. Nimekulia Newala, nimesoma Ulaya, nimezeeka Dar es Salaam, na popote nilipokutana na watu wetu tulianza hivyo. Silalamiki. Ni adabu, na adabu hiyo haimdanganyi mtu, kwa sababu sote tunajua kwamba baada ya salama tunatakiwa kusubiri. Salama ni mlango. Habari zenyewe zinaingia nyuma yake.

Ka-ishu kadogo ka Farida kalikuwa hivi. Katikati ya wiki, Athumani, mtunza ghala, aliingia chumba cha tatu kutoa maboksi ya insulini, dawa ya kisukari ya kujidunga. Akashangaa kwamba hakuhitaji koti. Akashika boksi, akaona ni la uvuguvugu. Akatoka kwenda kuangalia kioo cha kompyuta. Kioo kilikuwa kinasema chumba cha tatu, nyuzi nne, SALAMA.

Feni ya chumba ilikuwa imekufa. Waya wa kipimajoto ulikuwa umekatwa na panya, na ulikatwa kabla feni haijafa. Hakuna aliyejua tangu lini, maana kila saa programu iliandika nyuzi nne, nyuzi nne, nyuzi nne, haipandi wala haishuki. Chumba cha baridi halisi hakiko hivyo. Ukifungua mlango joto linapanda, ukifunga linashuka. Namba isiyotikisika ni namba ya maiti. Kila mtu pale ghalani aliiona, na kila mtu akafurahi kwamba chumba cha tatu kimetulia.

Na kabla Athumani hajashika boksi lile, gari lilikuwa limeshatoka na mengine ya chumba hicho hicho kwenda maduka ya dawa ya Temeke.

Nilimsikiliza Farida hadi mwisho. Kisha akageuza kompyuta yake nione, na nikakiona kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa miaka mingi. Mstari mmoja, juu kabisa, mahali programu inapoanza:

weka_mpokezi(salama);

Niliuandika mimi.

Niwaeleze wale ambao hamjawahi kuandika programu, maana nataka mwelewe kosa langu vizuri kuliko ninavyotaka mnihurumie.

Katika C hutengenezi kila kitu mwenyewe. Unatumia maktaba, yaani kazi zilizokwisha kuandikwa na wengine: hii inatafuta wastani, ile inapanga namba. Kazi hizo zikikutana na jambo lisilowezekana wakati programu inakimbia, kwa mfano umeziomba wastani wa vipimo na hakuna kipimo hata kimoja kilichofika, maktaba niliyoitumia ilikuwa na desturi yake. Inaandika sababu, inaandika jina la faili na mstari ambapo mambo yameharibika, kisha inaiua programu papo hapo. Kioo cheusi. Ni ukatili, lakini ni ukatili wa mtu mkweli.

Ila maktaba hiyo inakuruhusu kitu. Inasema, kama hupendi desturi yangu, andika kazi yako mwenyewe, nipe anwani yake, na kosa likitokea nitaiita hiyo badala ya kuua. Kazi ya namna hiyo mimi huiita mpokezi. Inakabidhiwa kila kitu mkononi: sababu, faili, mstari, namba ya kosa. Baada ya hapo inafanya unachotaka. Inaweza kupiga kengele. Inaweza kujaribu tena. Inaweza kufunga shughuli kwa heshima na kuita watu.

Au inaweza kufanya kama wangu. Mpokezi wangu alikuwa akipewa sababu, hasomi. Anapewa faili na mstari, hatazami. Anachukua joto la mwisho lililowahi kusomwa vizuri, analiweka kama ndilo la sasa hivi, anaandika SALAMA, anarudi zake.

Mistari mitatu. Niliiona ni ya kifahari.

Sababu ya kuiandika? Mwenye ghala wa wakati ule, marehemu Mzee Seif, mfanyabiashara wa ukoo wa wafanyabiashara, alinipigia simu Jumapili moja nikiwa kanisani. Programu ilikuwa imejiua mbele ya wageni wake, ikaacha sentensi ya Kiingereza katikati ya kioo. "Mama, mashine yako imenitukana mbele za watu," akasema. Hakuwa anatania. Waya ulikuwa umelegea tu, basi. Lakini umeme ulikuwa unakatika, nyaya zilikuwa zinalegea, panya walikuwa wanakula, na kila mara programu inajiua na mimi naitwa. Mzee Seif akasema anataka kitu kimoja: asione tena kioo cheusi.

Nikampa. Nikaipa kazi ile jina la salama, nikacheka peke yangu, nikajisemea kwamba hii sasa ni programu ya kwetu, ina adabu. Ukiiuliza habari inakujibu vizuri kwanza. Nilipanga nirudi kuandika sehemu ya pili, ile inayokuja baada ya mgeni kupokea maji. Ila waya umekatika. Ila chumba cha tatu sijui kikoje.

Sikurudi. Simu ziliacha kulia, nikazichukua kuwa ushahidi kwamba nimemaliza. Mzee Seif alinisifu kwa kila mtu. Nikasifiwa, nikanyamaza.

Nilifundisha mashine nusu ya adabu yetu. Nusu inayodanganya.

Hata hivyo si hilo ninalokuja kulikiri. Kosa la zamani lina namna ya kupendeza, unaweza hata kulisimulia kwenye sherehe watu wakacheka. Ninalolikiri ni la mwaka huu.

Mwaka huu huu, kabla sijaanza kulala hospitali na kurudi, Farida alinipigia simu. Ghala lilikuwa limenunua kompyuta mpya na yeye alikuwa anahamisha programu. Aliniuliza, kwa adabu zake zote, "Mwalimu, kuna kazi inaitwa salama. Naona kama inameza makosa. Niitoe?"

Nikamwambia, "Usiguse. Hiyo programu haijawahi kuanguka tangu niiandike. Wewe hamisha tu."

Nilijua alichokuwa ananiuliza. Ndani ya nusu dakika nilikuwa nimeshajua kwamba yuko sahihi. Lakini nilikuwa nimekaa hapo nje barazani, mzee, miguu imevimba, watu wameanza kuniongelesha kwa sauti ya juu kana kwamba nimekuwa mtoto, na kitu kimoja kilichobaki duniani cha kunionyesha kwamba niliwahi kuwa mtu ni programu ambayo haijawahi kuanguka. Nikakilinda. Nikamtumia mwanafunzi wangu bora kukilinda.

Na yeye akaniamini. Ndicho kinachonichoma.

Sasa turudi asubuhi ya leo. Ghala lipo mikononi mwa Nassoro, mtoto wa Mzee Seif. Farida na Athumani walimwambia arudishe maboksi yaliyokwenda Temeke. Insulini iliyopashwa joto kwa siku kadhaa inaweza kuwa haina nguvu, na mtu mwenye kisukari hawezi kulijua hilo kwa kuitazama kwenye kichupa. Anajidunga, anaamini amejitibu, sukari inapanda. Nassoro akakataa. Akasema kumbukumbu za kompyuta zinaonyesha nyuzi nne wiki nzima, na yeye anaamini kompyuta iliyosifiwa na baba yake, si mkono wa Athumani. Akaongeza kwamba kama kuna tatizo basi amelileta Farida, kwa sababu tangu ahamishe programu ndipo maneno yameanza. Amempa hadi Jumatatu aeleze, la sivyo aondoke.

"Mie hata kazi wanifukuze, mwalimu," Farida akasema. "Lakini yale maboksi yako dukani sasa hivi. Jumamosi watu wananunua."

Nikamwambia anipe simu nimpigie Nassoro. Yake ilikuwa imezima, imeingia maji njiani. Nikanyoosha mkono kutafuta yangu chini ya mto.

Haikuwepo.

Haikuwepo kwa sababu mwanangu Deo aliichukua. Tangu tuliporudi hospitali Alhamisi amekuwa anaichukua. Siku hiyo daktari alimwita pembeni, wakasimama ukumbini muda mrefu, nikawaona kwa upenyo wa mlango. Deo alikuwa ameshika ukuta. Kisha akarudi kwangu na tabasamu, akasema, "Daktari anasema uko salama, mama. Ni uchovu tu na presha kidogo. Usisumbuliwe."

Uchovu na presha kidogo. Nina mwanaume mzima aliyeshika ukuta, na ananiambia presha kidogo. Tangu hapo kila anayepiga anaambiwa mama anaendelea vizuri. Mdogo wangu kule Newala kaambiwa naendelea vizuri. Mchungaji kaambiwa. Nakaa humu ndani kama chumba cha tatu, feni imesimama, na kioo cha nje kinaandika nyuzi nne.

Nilimwita. Sikuwa najua bado nina sauti kubwa hivyo. Farida mwenyewe aliruka.

Deo akaja mlangoni na kitambaa cha jikoni begani. Nikamwambia nataka simu yangu. Akamtazama Farida kwa jicho baya, akasema, "Sista, nilikuomba pale nje usimletee mambo ya kazi." Kisha kwangu, kwa ile sauti ya kuongea na mtoto: "Mama, hayo waachie wenyewe. Wewe pumzika. Wewe uko salama."

Neno lile. Katika maneno yote.

Nilitupa chungwa. Sioni aibu kuandika. Lilimpita likagonga kabati, na nikajuta tu kwamba mkono hauna shabaha tena. Nikamwambia, "Deo, kuna watu Temeke watajidunga uchafu leo kwa sababu ya neno hilo. Nipe simu, au nitatambaa kwa jirani kwenye mvua hii, na ukifika msibani utaeleza mwenyewe kwa nini."

Akaitoa mfukoni.

Nikapiga, nikaweka sauti ya nje ili Farida asikie. Nassoro alipokea haraka. Nimemjua tangu akiwa anapanda juu ya maboksi ya baba yake, na kwa adabu hana mfano.

"Shikamoo mama yangu! Ama leo nimekumbukwa. Hujambo? Afya yako mama, waonaje hali?"

Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Miaka yote hii linafika lenyewe, halipiti kichwani. Nikalizuia kwa meno.

"Si salama, Nassoro. Ninakufa. Na mashine yako inadanganya."

Nilisikia mvua huku kwetu na honi ya gari huko kwake.

Nilikuwa nimempa Deo mgongo. Nilisubiri aseme, "Mama, maneno gani hayo," akimbilie kunikanusha kama alivyofanya siku zote tatu hizi. Hakusema. Nilisikia tu kitambaa kinaanguka chini.

Basi nikajua. Nilijua tangu ukumbini, lakini sasa nilijua na mwenzangu.

"Mama," Nassoro akasema taratibu, "Mungu akupe afya. Lakini hiyo mashine baba ameisifu hadi anaingia kaburini."

"Aliisifu kwa sababu haikumsumbua. Niliiandika isimsumbue. Waya ukikatika inachukua joto la mwisho inalolikumbuka, inakuambia ndilo la leo. Hizo nyuzi nne unazozishika ni za zamani. Umeshika picha ya chumba, wewe, hujashika chumba."

"Sasa mbona miaka yote haikuleta shida?"

"Unajuaje? Nani angekuambia?"

Hilo lilimkaa. Alikohoa. Akajaribu upande mwingine: "Lakini mama, huyu binti ndiye kaihamisha juzi tu hapa."

"Huyu binti aliniuliza kama atoe uozo huo. Mimi nikamkataza. Umesikia? Alitaka kuutoa, mimi nikamwambia asiguse, kwa kiburi changu. Ukimfukuza, mfukuze na mimi. Lakini mimi utanifukuza wapi, Nassoro? Nimeshaaga kila mahali."

Farida alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Sijui alikuwa analia au anacheka. Kwa maneno yale yote mawili yangefaa.

Nassoro akaanza kusema kuhusu jina la ghala, kwamba kuita dawa zirudi ni kutangaza mjini kuwa stoo ya marehemu imeoza, kwamba washindani wanasubiri, kwamba labda maboksi yenyewe ni mazima, nani ajuaye. Nikamwacha afike mwisho. Kisha nikamuuliza kitu kimoja tu. Mama yake ana kisukari. Alikuwa nacho hata Mzee Seif alipokuwa hai, alikuwa anatoka na kipoza cha dawa kwenye mkoba. Nikamuuliza kama mama yake angekuwa anakaa Temeke, leo angempigia simu au asingempigia.

"Mama, huo si uungwana," akasema.

"Si uungwana. Jibu."

Alikata simu.

Nikabaki nimeishika. Deo akaokota kitambaa. Nilifikiri nimeshindwa, na hasira zilinipanda upya, safari hii kwangu mwenyewe, kwa sababu nilimwongelesha Nassoro kama mwalimu anayechapa badala ya kumwomba kama mtu mwenye kosa. Nilikuwa natafuta namba yake tena ndipo simu ikalia. Alikuwa Athumani, ambaye Farida alimwachia namba yangu, akimtafuta.

"We Farida, umemfanya nini bosi? Katoka ofisini kama kapandwa na maruhani, anapigia maduka mmoja mmoja mwenyewe, hataki hata nimsaidie. Gari linageuza linakwenda Temeke. Nami nimeambiwa niende na gari, kwa hiyo chumba cha tatu nakifunga kufuli. Haya, kwaheri."

Nililia kidogo. Nitalikubali hilo na kuendelea.

Sijui kama maboksi yote yatarudi. Wengine watakuwa wameshauziwa. Kuna mtu mahali fulani ameweka kichupa kwenye maji ya mtungi kipoe, anakiamini, na mimi simjui jina, na hakuna mstari wowote katika programu yoyote utakaonipeleka kwake. Farida amewaambia wenye maduka wawatafute waliouziwa. Wengine watapatikana.

Baada ya hapo nikamwambia Farida afungue kompyuta yake. Deo akasema dawa. Nikamwambia itasubiri. Akaleta kiti akakaa, jambo ambalo sikulitarajia.

Farida alitaka kuutoa ule mstari wote, maktaba irudi kwenye desturi yake ya kuua. Nikamkatalia, na safari hii nilimpa sababu. "Ukiutoa, kila panya akila waya programu nzima inakufa, na vyumba vingine vizima vinabaki bila macho. Watachoka. Mwisho wataizima na kurudi kwenye kubahatisha. Kuua ni uvivu. Kudanganya ni uvivu mbaya zaidi. Andika ninachokwambia."

Nilifumba macho nikamsomea. Mpokezi apokee vyote vinne, na avisome: sababu, faili, mstari, namba. Aviandike vyote mahali visipofutika. Asiguse kabisa joto la mwisho; la zamani libaki la zamani. Chumba kilichonyamaza kiwekewe alama peke yake, vingine viendelee kupimwa. King'ora kilie, na kisizimwe kwa kompyuta, kizimwe na mtu aliyekwenda kwa miguu hadi kwenye mlango wa chumba. Na kwenye kioo, mahali pa namba, paandikwe neno moja.

"Neno gani, mwalimu?"

"Sijui."

Akasubiri. Alidhani bado nafikiri.

"Ndilo neno lenyewe. Andika SIJUI. Chumba cha tatu, SIJUI. Njooni muone."

Deo alicheka, mara ya kwanza tangu Alhamisi. Kisha akaacha ghafla, kama mtu aliyejikuta anacheka msibani.

Farida alituma programu ghalani kwa mtandao, wakakubaliana na kijana mwenzake aliyebaki zamu achomoe waya mmoja kwa makusudi. Akaweka simu yangu katikati yetu. Hatukusikia kitu. Kisha king'ora kikalia, kibaya, chembamba, kinapasua sikio hadi huku Bunju, na nyuma yake sauti ya mtu anapiga kelele, "Zimeni hilo dude! Mnataka kuua watu?"

"Nenda kazime mlangoni!" Farida akajibu kwa kelele. "Kwa miguu!"

Sijawahi kusikia kitu kizuri hivyo kutoka kwenye programu yangu.

Farida ameondoka mvua ilipopungua. Jina lake ndilo lililo juu ya faili sasa. Langu nimemwambia aliache chini, karibu na kosa, ili atakayekuja ajue vyote vilitoka wapi. Hakutaka. Nikamwambia ni amri ya mwalimu.

Nikabaki na Deo. Alileta uji, akaupuliza, akanipa. Nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida, alichoambiwa ukumbini.

Nilimwona anatafuta joto la mwisho, lile zuri, alipe jina la leo. Mwanangu huyu. Alijifunza wapi kama si kwangu?

"Daktari alisema hajui ni lini, mama," akasema. "Ila si mbali."

Nikamshukuru. Nikamwambia ampigie mama yake mdogo Newala amwambie hivyo hivyo, na asianze na salama. Yuko nje barazani sasa, namsikia anapiga. Anakwama, anaanza upya.

Hasira hazijaisha. Sitaki ziishe. Namkasirikia Nassoro aliyehitaji kutishwa, namkasirikia Deo kwa siku tatu zangu, na yule bibi wa barazani aliyesema "usiguse" siwezi hata kumtaja bila kuuma meno. Uji umepoa. Kesho ni Jumapili, na watu wa kanisa watakuja kunisalimia, wataniuliza hali.

Nitawajibu nini, nikiwa natazama nyuso zao?